Mboga ya chumvi ya ufuoni yataka macho kabla ya chungu

Mhariri,

Kila shule zinapofungwa na treni ya Mombasa kujaa, kuna wakazi wa Nairobi wanaorudi kutoka Diani, Kilifi au Watamu wakiwa na kikapu cha majani mazito yaliyochumwa karibu na maji, wameambiwa ni mboga. Wameambiwa kweli. Ila jina "mboga ya pwani" halishiki mmea mmoja, na maelezo yanayozunguka kwenye simu huchanganya mimea mitatu au minne isiyofanana hata kidogo ukiitazama kwa utulivu. Halafu mpishi huikaanga kama sukuma wiki, akaonja, akamwaga sufuria nzima. Naomba nafasi nieleze mmea wenyewe, mahali pa kuuchuma na pa kuupita, na jinsi ya kuutoa chumvi.

Mmea ninaouzungumzia wataalamu huuita Sesuvium portulacastrum. Hutambaa, hausimami. Shina lake ni laini, halina manyoya, huwa la kijani au jekundu, na kila kifundo kinachogusa mchanga wenye unyevu huotesha mizizi, ndiyo maana mche mmoja hutandaza zulia la mita kadhaa. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye kifundo. Ni marembamba, ya sentimita 2 hadi 6 hivi, manene, yamejaa maji na hayana mwiba wala meno pembeni. Ukilivunja jani, kinachotoka ni maji maangavu.

Ushahidi mkubwa ni ua. Hutoka moja moja kwapani mwa jani, dogo kama kifungo cha shati, lina umbo la nyota ya pembe tano: kijani upande wa nje, waridi au zambarau upande wa ndani, na katikati nyuzi nyingi za chavua. Lina tabia ya kufunguka saa chache tu za mchana. Anayefika alfajiri au magharibi hulikuta limefumba, akadhani mmea hauna maua, akaanza kubahatisha kwa majani peke yake. Hapo ndipo makosa huzaliwa. Ua likishakauka huacha kikopo kidogo kinachofunguka kwa kifuniko chake, na ndani mna mbegu nyeusi ndogo.

Pa kuutafuta ni nyuma ya mikoko, pale michu, mikoko ya upande wa nchi kavu, inapoanza kupungua na kuacha uwanda mtupu wa chumvi ambao maji huufikia wakati wa bamvua tu, yanapojaa kupita kawaida. Ghuba ya Gazi ni mfano mzuri. Huota pia juu ya mchanga wa ufuo, juu kidogo ya mstari wa taka zinazoachwa na maji makuu.

Sasa hao wanaofananishwa nao. Ule unaoota hapa Nairobi katika nyufa za saruji na kati ya mistari ya mboga ni Portulaca oleracea. Jani lake ni fupi, pana upande wa ncha kama kijiko, na ua lake ni la njano. Huo nao huliwa, una uchachu kidogo, lakini hauna chumvi ya kutosha kumshtua mtu. Anayeufuata kwa mapishi ya mmea wa ufuoni, akachemsha na kumwaga maji mara mbili, atabaki na uji wa kijani usio na ladha.

Wa kuogopa zaidi ni Trianthema portulacastrum. Angalia jina la pili: ni lile lile. Maana yake kwa Kilatini cha wataalamu wa mimea ni kitu kinachofanana na Portulaca bila kuwa Portulaca, na mimea hii yote miwili ilipewa sifa hiyo. Anayetafuta mtandaoni kwa jina hilo moja huletewa picha za yote miwili zikiwa zimechanganyika. Trianthema ni gugu la mashamba ya nyanda za joto. Majani yake ni ya mviringo, na katika kila jozi moja ni kubwa na mwenzake ni mdogo waziwazi, kama kaka na kitinda mimba. Kikonyo kimepanuka chini kikafanya kifuko, na ua dogo jeupe au la waridi hafifu limezama humo ndani, karibu lisionekane. Ziko sehemu wanakokula machipukizi yake machanga, lakini majani yaliyokomaa huharisha. Kwa mtu asiyeujua ni heri auache kabisa. Jozi isiyo sawa, pita.

Kuna kichaka cha Suaeda monoica, ambacho husimama na kumpita mtu kimo na majani yake membamba hupishana kwenye tawi, hayatazamani. Kuna jamii ya Salicornia, isiyo na majani ya kuonekana, bali vijiti vya viungo viungo kama mnyororo. Vichanga huliwa, vilivyokomaa vina uzi mgumu katikati na huwa kama kutafuna njiti ya kiberiti. Hiyo si hatari, ni usumbufu. Lakini mimea mingine inayotambaa mchangani si ya kuchezea: ile yenye maua makubwa ya zambarau kama tarumbeta na jani lililogawanyika kama kwato ya mbuzi, na ile yenye vijani vitatu vitatu na maua kama ya maharagwe. Yote miwili ina majani mapana, si marembamba kama ya mmea wetu, kwa hiyo anayetumia macho hawezi kukosea. Kanuni moja inatosha kwa mimea yote ya ufuoni: ukivunja na kuona utomvu mweupe kama maziwa, weka chini na ukaoshe mikono kabla ya kugusa macho.

Kuutambua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mahali, na hapa nina neno kali kidogo. Mmea huu hufyonza metali nzito kutoka udongoni, zikiwemo risasi na kadimi, na kuzihifadhi. Kwa sababu hiyo watafiti wameuchunguza kama mmea wa kusafishia ardhi iliyochafuliwa. Sifa hiyo nzuri kwa ardhi ni mbaya kwa tumbo. Kuchemsha huondoa chumvi, hakuondoi risasi ya kutosha kukupa amani, na metali hizi hazina ladha wala harufu. Kwa hiyo usiuchume kando ya hori la Makupa, lililopakana kwa miaka mingi na jaa la Kibarani. Usiuchume karibu na bandari, gereji, barabara kuu, mifereji ya majitaka, wala mahali palipowahi kuyeyushwa betri za magari. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, mtaa uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, wanajua risasi ni kitu gani. Msomaji wa Nairobi hahitaji kufundishwa hili kwa kirefu. Ni swali lile lile tunalouliza kuhusu mboga zinazomwagiliwa kwa maji ya Mto Nairobi, isipokuwa mmea huu una kiu kubwa zaidi ya uchafu huo.

Ndani ya hifadhi za bahari zinazosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, usichume chochote. Kwenye kuta za mabwawa ya chumvi kule Gongoni, mahali ni pa watu, omba ruhusa. Na ujue utakachopata hapo kitakuwa kikali kuliko cha ufuoni.

Kuchuma kwenyewe ni kwa kucha, si kwa panga. Bana ncha ya tawi, sentimita 8 hadi 10. Ikikatika kwa mlio kama wa karoti changa, ni laini. Ikipinda au ikiacha nyuzi, sogea juu zaidi. Usivute shina, kwa kuwa mizizi ya vifundo ndiyo inayoshika mchanga usichukuliwe na maji, na ukivuta kimoja huja nusu ya zulia. Chukua theluthi ya ncha unazoziona, ziache nyingine. Baada ya masika majani huwa manene, ya kijani na chumvi yake si kali sana. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, jua likiwa kali na mvua hakuna, huwa madogo, mekundu na makali. Yanalika, ila yatataka maji ya ziada jikoni.

Yafunge kwa kitambaa chenye unyevu na uyaweke kwenye kikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, na hata kama isingepigwa, majani haya yakifungiwa bila hewa hutoa jasho na kuanza kuoza kabla treni haijafika Voi. Yakiwa kwenye kitambaa hufika Nairobi salama, na katika friji hukaa karibu wiki moja mradi hayajaoshwa. Osha siku ya kupika tu.

Tufike chunguni. Kosa la kwanza la wapishi wetu ni kudhani chumvi iko juu ya jani. Kwa mchu ni kweli: huitoa nje, ukilamba jani unaionja. Mmea huu huificha ndani, kwenye maji ya jani lenyewe, kwa hiyo hata ukiuosha mara kumi utakuwa umeondoa mchanga tu. Kosa la pili ni kuukaanga ukiwa mbichi. Jani likipata moto hupasuka, maji yake ya chumvi yanatoka, yanakauka kwenye sufuria, na chumvi yote inabaki humo humo ikiwa nzito zaidi. La tatu ni mkono kwenda kwenye kopo la chumvi kwa mazoea.

Kwa watu wanne tumia nusu kilo ya ncha. Osha kwa maji matatu, ukipitisha vidole kwapani mwa majani ambako mchanga hujificha. Chemsha lita 2 za maji matupu, tia mboga yakiwa yanatokota, hesabu dakika 3, mwaga maji yote. Onja jani moja. Likiwa bado linakunja uso, rudia kwa maji mapya dakika 2. Kisha itie kwenye maji baridi dakika 10, chuja na uikamue kwa mkono taratibu. Ukizidisha muda, tuseme dakika 10 kwenye moto, jani hupoteza mkatiko wake na kuwa utelezi. Wengine hutia magadi kama wanavyofanya kwa kunde. Hapa magadi ni kosa mara mbili: huongeza sodiamu kwenye mboga ambayo umetoka kuipunguza, na hulivunja jani likawa uji.

Baada ya hapo ni mboga kama nyingine. Kaanga vitunguu maji 2 na nyanya 2 hadi ziive kabisa, tia mboga, kisha tui la pili, lile jepesi, liache litokote dakika 5. Tui la kwanza lije mwishoni, moto ukiwa mdogo, ukikoroga upande mmoja. Likichemka kwa nguvu pamoja na uchachu wa nyanya litakatika. Usitie chumvi wala mchuzi wa pakiti, kwa kuwa pakiti nyingi ni chumvi iliyopewa rangi. Kamulia ndimu ukishaepua. Ugali wake nao usonge bila chumvi.

Njia ninayoiona bora zaidi kwa nyumba ya Nairobi ni kuutumia kama kiungo cha chumvi badala ya mboga kamili. Sehemu moja ya mmea huu uliochemshwa mara moja, sehemu tatu za sukuma wiki au kabeji, na sufuria nzima inapata chumvi yake bila kopo kuguswa. Usiuchanganye na mchicha. Yote miwili ina oksaleti, kitu ambacho katika mwili hushikamana na kalisi na kwa baadhi ya watu hufanya vijiwe vya figo, ilhali sukuma wiki ina kidogo sana. Sababu nyingine ya kumwaga maji ya kuchemshia ni hiyo: sehemu ya oksaleti huondoka nayo. Ukila pamoja na maziwa lala, kalisi ya maziwa huishika sehemu ya oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo.

Nchini Ufilipino mmea huu huitwa dampalit na hufanywa achari. Jikoni kwetu yawezekana pia. Chukua robo kilo ya ncha, chemsha dakika 1 tu, poza, tandaza kwenye kitambaa safi hadi ikauke kabisa. Chemsha vikombe 2 vya siki ya asilimia 5, kikombe 1 cha maji na nusu kikombe cha sukari, pamoja na tangawizi iliyokatwa vipande vyembamba, punje 4 za kitunguu saumu na pilipili upendavyo. Chumvi haimo. Panga mboga kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, mimina siki ikiwa moto, hakikisha hakuna jani linaloelea, funika, weka kwenye friji. Siku ya tatu iko tayari, na imalize ndani ya mwezi. Ikifanya ukungu juu, kuna jani lililokuwa nje ya siki. Ikiwa na ukakasi na povu, mboga iliingia ikiwa na maji na siki ikapungua nguvu. Mwaga, usijaribu kuiokoa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Chumvi iliyomo kwenye mmea huu haiwezi kukisiwa kwa macho, inabadilika kwa udongo na kwa msimu. Mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa figo au aliyewahi kupata vijiwe asiufanye mboga ya kila wiki, na asidanganywe na wanaoiita chumvi ya asili kana kwamba moyo unajua tofauti.

Kwa walio mbali na bahari, au wasioamini usafi wa mahali wanapochuma, kuupanda ndiyo suluhisho. Kata tawi la sentimita 10 hadi 15 lenye vifundo vitatu au vinne, ondoa majani ya chini, liache kivulini nusu siku jeraha likauke. Changanya sehemu 2 za mchanga wa mto na sehemu 1 ya mboji iliyooza vizuri. Udongo mweusi wa mfinyanzi ulio sehemu kubwa ya mashariki mwa jiji hushika maji na kulioza shina. Chungu kiwe na matundu chini. Zika vifundo viwili, mwagilia maji ya kawaida, na ndani ya wiki 2 au 3 utahisi limeshika ukilivuta kidogo.

Huota hata bila chumvi, ila jani huwa jembamba na limepooza. Mizizi ikishashika, futa kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji na umwagilie hivyo mara moja kwa wiki, siku nyingine maji matupu. Mara moja kwa mwezi mwaga maji mengi hadi yatiririke chini, maana chumvi isipopata njia hujilimbikiza na utaiona kama unga mweupe kwenye ukingo wa chungu. Maji hayo yasielekee kwenye bustani, sukuma hazitakushukuru. Magadi hayafai badala ya chumvi: ni soda, hufanya udongo kuwa na alkali, mmea ukashindwa kupata chuma na majani yakageuka manjano.

Mmea huu unataka jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku. Wakati wa baridi ya Juni hadi Agosti hapa kwetu karibu utasimama kukua, na hapo ndipo wengi huuua kwa kuendelea kumwagilia kama Januari. Shina likianza kuwa jeusi chini, kata sehemu nzima iliyo juu na uipande upya. Na tafadhali, si kwenye mkebe wa rangi wala kasha la betri. Kwa mboga nyingine huo ni ushauri mzuri tu. Kwa huu unaofyonza metali ni sharti.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo. Mnapochapisha habari za mboga za mwituni, picha ya sahani haimsaidii msomaji aliyesimama ufuoni. Wekeni picha ya jozi ya majani kwenye kifundo na ya ua likiwa limefunguka, zipigwe mchana.

Mpanda mboga,
Kasarani, Nairobi